Wapima Laini Walikula Kwetu

Papa yangu hajawahi kumuuliza mgeni kilichomleta kabla ya kumlisha. Ndivyo ulivyo ukoo wetu, sisi tunaoitwa Bangwana, tangu mababu waliofika huku na misafara ya biashara, wakaoa, wakabaki, wakajenga misikiti yao karibu na mto. Mgeni akikanyaga uani anapewa maji ya kunawa, kisha chakula, na swali linasubiri mpaka anawe mara ya pili. Anayeuliza kabla ya hapo anaonekana hakulelewa. Basi mimi sikulelewa. Nina hasira za karibu. Marehemu mama alikuwa akisema nilianza kula pilipili kabla ya uji. Siku watu wa laini walipokuja, ningewauliza wakiwa bado njiani.

Nilikuwa nimetoka Makiso, mjini, ninakouza vitenge, nikaja shambani kumsaidia papa kukamua mawese. Shamba letu liko mbele ya kambi ya Kapalata. Unaiacha kambi nyuma na kuingia njia ya udongo ambayo hata matoleka, zile baiskeli za kubeba abiria, huikataa mvua ikinyesha. Mikono yetu ilikuwa imejaa mafuta tulipoona watu wakija kwa miguu, kofia ngumu vichwani, mmoja ana chombo cha miguu mitatu begani, mwingine kabeba fungu la vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu. Vile vigingi ndivyo vilivyonishtua. Mtu hakuletei vigingi vyekundu kwa sababu anakupenda.

"Papa, ubaulize kwanza banatoka wapi," nilimnong'oneza.

"Weye, lete mayi. Bageni banaulizwaka na tumbo mutupu?"

Nikaleta maji. Nikaleta na lituma ya ndizi niliyokuwa nimeiponda asubuhi, na samaki wa moshi, na pondu, majani ya muhogo, iliyoelea mawese yetu wenyewe. Walikula vizuri. Mkubwa wao, ambaye wenzake walimwita ingénieur, alikuwa mtu mpole wa sauti, na alisifu chakula kwa moyo, hilo sitamnyima. Kabla ya kunawa aliomba wapige picha ya ukumbusho. Papa aliingia ndani kuvaa kofia yake ya kuswalia, akatoka, akakaa katikati yao na kuweka mkono begani mwa ingénieur. Sinia la lituma lilikuwa mbele yao. Papa alitabasamu mpaka pengo lake likaonekana.

Waliponawa mara ya pili ndipo alipouliza.

"Bon. Sasa bageni, ni habari gani ilibaleta?"

"Ni laini ya courant, papa. Haute tension, umeme mukubwa. Inatoka ku maporomoko ya Tshopo, inaenda ku ile usine, kiwanda mupya. Itapita hapa, katikati ya miti yako."

Akaeleza polepole, kama anayemweleza mgonjwa. Chini ya waya zile hakuna mti mrefu unaoruhusiwa kusimama. Michikichi yote iliyo kwenye njia itakatwa, upana wa uwanja wa mpira, kutoka mwisho mmoja wa shamba hadi mwingine. Lakini papa asiogope, hakuna anayemnyang'anya.

"Udongo inabaki yako. Utapanda muhogo, utapanda karanga. Miti tu ndiyo hapana."

Miti tu. Michikichi ile mingine ilipandwa na babu, mingine na papa, na sisi sote tulisoma kwa mafuta yake, tulivaa kwa mafuta yake, hata sanda ya mama ilitoka humo. Kumwambia papa abaki na udongo bila miti ni sawa na kumwambia mvuvi wa Yanonge abaki na mtumbwi, mto tu ndio hapana. Na umeme wenyewe hatukuwa nao. Waya zingetuvuka juu ya vichwa, nasi chini tungeendelea na tochi zetu za betri.

"Na kama tunakataa?" niliuliza mimi.

"Dada, ni utilité publique. Ni ya batu bote."

"Ya batu bote," papa alirudia. "Miye siko mutu?"

Ingénieur alicheka kidogo kwa adabu, akasimama, akawaonyesha wenzake pa kuanzia. Nilimtazama papa nikitegemea kwamba sasa atawafukuza. Hakuwafukuza. Kuna nusu ya pili ya desturi yetu ambayo sijaisema: mtu aliyekula chumvi yako hapigiwi kelele uani mwako siku hiyo. Basi mzee wangu alikaa kwenye kiti chake na kuwatazama wakipigilia vigingi, kimoja baada ya kingine, katikati ya miti ya baba yake, mpaka wakaingia kwa majirani na kutokea upande wa pili. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa walikuja na nyundo zao siku ya kwanza.

Nilitaka kuving'oa wakiwa bado wanaonekana. Papa alinishika mkono.

"Kesho," alisema. "Leo bamekula."

Kesho yake majirani walikuwa kwetu. Laini iligusa karibu kila mmoja: huyu mihogo, yule migomba. Wengi wao ni watu wa mto, wamehamia huku kutoka Isangi na Yanonge, Wakristo, na tumeishi nao vizuri. Aliyekuwa karibu nasi kabisa ni mtu wa Isangi mwenye mke na watoto, aliyejenga nyumba ya matofali pale michikichi yetu inapoishia. Matofali aliyachoma mwenyewe, msimu baada ya msimu. Yeye laini ilimgusa kidogo tu, kona ya migomba yake, lakini ndiye aliyesema kwa sauti kuliko wote kwamba hapiti mtu. Nilimpenda kwa hilo.

Wazo la kukalia vigingi lilikuwa la mke wake. Tuliposikia kwamba lori la wakata miti linakuja, kila mwanamke alichukua kiti chake kidogo cha jikoni, akakiweka juu ya kigingi, akakalia. Tulibeba na kazi zetu: huyu anamenya karanga, yule anachambua pondu, mimi nimebeba pindo za vitenge za kushona. Wanaume walisimama nyuma yetu. Lori likafika, watu wakashuka na misumeno ya mashine. Mmoja akauwasha wake pale pale, karibu sana na mke wa jirani, ukanguruma hata hatukusikiana. Yule mama hakuinua uso. Aliendelea kumenya karanga, na maganda yakapeperuka kwenye viatu vya yule mwenye msumeno. Mimi nikajichoma sindano. Nilijua kwamba akisogea hatua moja zaidi nitamrukia, na nilijua pia kwamba nikimrukia, tumekwisha.

Ingénieur ndiye aliyemwambia azime.

"Mama, mutakalia hapo mpaka lini?"

"Mpaka karanga iishe," alijibu mke wa jirani. "Na karanga niko nayo mingi."

Waliondoka. Tulicheka siku ile. Papa alichinja kuku, tukala pamoja, sisi na watu wa mto, na nilimwona jirani akimmiminia papa maji ya kunawa kwa mikono yake miwili, kama mtoto kwa baba.

Kisha tukaitwa Makiso, ofisini kwa wenye laini, tukatoe maoni yetu. Tulienda wote, tumevaa nguo za Jumapili, waliokuwa na Jumapili na tusiokuwa nayo. Umeme ulikuwa umekatika mjini, kwa hiyo mkutano wa laini ya umeme uliendeshwa kwa jenereta iliyokuwa ikikohoa nje ya dirisha. Bwana mmoja wa ofisi, ambaye hatukuwahi kumwona, alisema kwamba wao hawafanyi mambo kwa nguvu, kwamba wenyeji walishirikishwa tangu mwanzo, na kwamba ushahidi upo. Akabonyeza kitu. Ukutani akatokea papa yangu.

Alikuwa mkubwa kuliko mlango. Kofia yake nyeupe, pengo lake, mkono wake begani mwa ingénieur, sinia letu la lituma. Chini ya picha waliandika kwa Kifaransa kwamba hiki ni kikao cha makubaliano na wamiliki wa ardhi.

Nilisikia viti vikigeuka. Jirani yetu alimtazama papa, kisha ukuta, kisha papa tena. Ingénieur alikuwa ameketi mbele, na aliinamia viatu vyake.

Papa alisimama taratibu, kwa heshima, kana kwamba yuko msikitini.

"Ile haikukuwa contrat," alisema. "Ile ilikuwa chakula."

Wakubwa wale wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, na hicho ndicho kilichoniuma zaidi. Walicheka kama watu waliosikia kitu kitamu. Nilisimama nikasema niliyoyasema, na sitayaandika hapa, maana papa bado yuko hai na haya anasomewa. Tuliombwa kutoka.

Watu wa kwetu hawakutusubiri nje. Njia nzima ya kurudi walitangulia mbele yetu wakiongea kwa sauti ya chini, na tulipokaribia wakanyamaza. Tulipofika kwenye njia panda ya mashamba, jirani aligeuka. Uso wake ulikuwa umejaa jasho.

"Papa, uliuza siye ku sahani ya lituma?"

"Mutoto yangu, bale balikuwa bageni."

"Bageni! Bangwana ni batu ya biashara tangu zamani. Bababu yako baliuza batu. Weye unauza udongo."

Neno hilo la kuuza watu huku kwetu halisemwi. Kila mtu analijua na hakuna anayelitamka, maana tumeoana, tumezikana, tumenunuliana sukari ya Ramadhani na samaki wa Noeli. Nilimwendea mkono uko juu. Papa ndiye aliyenizuia, akanivuta kwa kitenge, akamwambia jirani, "Bonne nuit, alors," akimtakia usiku mwema ingawa jua lilikuwa bado juu.

Baada ya hapo hakuna aliyekuja. Papa aliamka, akaswali, akakaa uani na birika la maji karibu na mlango kama kawaida, na birika likabaki limejaa. Nilikaa naye, duka la Makiso nikaliachia rafiki. Nilikasirika na kila mtu. Nilikasirika na ofisi, na jirani, na kwa kweli nilikasirika zaidi na papa, na nikamwambia. Nilimwambia kwamba adabu yake imetuangusha, kwamba dunia ya leo mtu anauliza kwanza, anafungua mlango baadaye. Alikuwa akikonda, naye ni mtu ambaye hakuwa na nyama ya kupoteza.

Siku ingénieur aliporudi alikuja peke yake, kwa pikipiki, na uso wa furaha. Papa alimpa maji. Alinawa, akasema hatakula, ana haraka, anataka tu kutuletea habari njema yeye mwenyewe kwa sababu ya ile siku ya Makiso iliyomkaa moyoni. Amepigania. Ameonyesha ofisini kwamba shamba letu lina hati, hati ya kweli ya zamani ya babu, yenye muhuri, na kwamba shamba lenye hati lina usumbufu wa kesi. Wamekubali kuisogeza laini.

"Miti yako itabaki yote, papa. Hata moja haitakatwa."

Nilipiga kigelegele. Nasema wazi, nilipiga kigelegele, nikamshika papa mikono, nikaruka kama msichana. Niliona michikichi imesimama, niliona mafuta, niliona uzee wa papa una chakula. Papa hakuruka.

"Inasogea kwenda wapi?"

Ingénieur alionyesha kwa kidevu, upande wa nyumba ya matofali.

"Kule hakuna karatasi," alisema. "Kule chef ya kijiji alimupa na kinywa tu."

Papa alichukua fimbo yake, akaenda kuangalia, nami nikamfuata. Vigingi vipya vilikuwa vimeshapigwa. Havikupita kwenye migomba. Vilipita katikati ya ua, kimoja kikiwa hatua chache tu kutoka jikoni, na kingine nyuma ya chumba cha watoto. Chini ya waya zile hata nyumba hairuhusiwi. Mke wa jirani alikuwa ameketi kwenye kile kiti chake kidogo, lakini hakukalia kigingi. Hakuwa na karanga mikononi. Alitutazama tukija, akaingia ndani, akafunga mlango.

Papa alirudi haraka kuliko alivyokwenda. Ingénieur alikuwa akiwasha pikipiki.

"Rudisha laini kwangu," papa alimwambia.

"Papa?"

"Njia ya kwanza. Ipite mu miti yangu. Nakubali."

Nilipiga kelele. Ingénieur alizima pikipiki, akavua kofia, akajipangusa. Alisema ofisi haitamsikiliza tena. Watasema mzee huyu alikula nasi, kisha akakataa, leo anakubali, kesho atakataa.

"Machine inakuya lundi," alisema mwishowe, yaani Jumatatu, bila kumtazama papa. "Nikikuta njia ya kwanza iko wazi, miti iko chini, nitatuma photo, batafuata ile. Nikikuta miti imesimama, tutapita kule. Siwezi kufanya zaidi."

Alipoondoka nilimshambulia papa kwa maneno. Nilimwuliza kama amesahau tulichoitwa pale njia panda. Nilimwuliza huyo mtu angefanya hivyo kwa ajili yetu? Nilimwuliza atakula nini, mimi nina mkono wa kuuza vitenge, sina shamba la kumwazima. Papa alikuwa anatafuta shoka nyuma ya banda.

"Ile miti ni ya kwangu," alisema. "Ile nyumba haiko ya kwangu. Siwezi kutoa kitu ya mwenzangu."

"Huitoi weye! Ni bureau inatoa!"

"Photo ku ukuta ilikuwa ya nani?"

Niliingia ndani, nikaubamiza mlango.

Alianza asubuhi, baada ya swala, na mchikichi wa mpakani, ulio karibu kabisa na nyumba ya matofali. Ni mti wa babu, mnene, na mchikichi si mti wa kukatwa na mzee. Una nyuzi ndani, shoka linanasa, unalivuta kwa nguvu uliyobakiwa nayo. Nilisimama mbali, mikono kifuani, nimeapa sitamsaidia. Alipiga, akapumzika, akapiga. Milango ya majirani ilifunguka mmoja mmoja na watu wakatoka kusimama kwenye mipaka ya mashamba yao. Watu wa mto wana kawaida, mchikichi ukiangushwa, ya kuja na vyombo na kuomba shina walitoboe wapate pombe. Papa hanywi, lakini huwapa sikuzote. Siku ile hakuna aliyekuja na chombo.

Papa alipokaa chini, mgongo kwenye shina ambalo hakuwa amelimaliza, anahema kwa mdomo, jirani alivuka mpaka. Alikuwa ameelewa kwamba miti ikianguka nyumba yake inabaki. Nilimwona usoni kwamba ameelewa, na kwamba hakulala.

"Dada," aliniambia, maana kumwambia papa mwenyewe hakuweza, "papa anachoka. Nipe ile shoka."

Maneno nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeyaweka tangu njia panda, yamenoleka, na sasa mwenyewe alikuwa amesimama mbele yangu mikono mitupu. Nilimpita. Niliokota shoka miguuni pa papa.

"Huu babu yangu alipanda," nilisema. "Huu weye hutaugusa."

Nilikata mwenyewe. Nilikata nikilia na nikitukana, nikiitukana laini na kiwanda na maji ya Tshopo yaendayo kuwaka kwa wengine, nikaitukana na adabu ya ukoo wetu kwa sauti kubwa, papa akisikia. Viganja vilichubuka. Mti ulipoanguka ulikuja na vichala vyake vyote, vingine vimeiva, ngazi, yaani matunda yake, zikatawanyika nyekundu hadi ua wa jirani. Watoto wake walianza kuziokota, mama yao akawazuia.

Kisha nikampa shoka. Alilipokea kwa mikono miwili, akauendea mchikichi wa pili, akavua shati, akamgeukia papa.

"Na huyu, papa? Naye ni ya babu?"

"Hapana," papa alisema, bado ameketi. "Huyo ni miye. Nilipanda siku huyu binti alizaliwa."

Jirani alishusha shoka, akanitazama. Nikamwambia akate.